Mkono Haukuwa Mzito

Dada Vero,

Mama amesema alijua. Amesema jana jioni, jikoni kwake, mbele yangu na mbele ya mwanao Anjela, kwamba yale mabelo matatu ya kwanza ya mitumba yalikuwa mabovu kabla hujayagusa, na kwamba yeye alilijua hilo siku alipoyanunua. Nilimuuliza mara ya pili kwa maneno mengine, kama ninavyowauliza watu kazini gazetini, na jibu halikubadilika. Mkono wako haukuwa na kosa lolote.

Wewe ndiye uliyepaswa kuisikia habari hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa kuwa haiwezekani, nakuandikia leo, kabla sijamsimulia mtu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinikatiza nikianza kusimulia jambo kutoka katikati. "Teki, anzia mlangoni." Basi naanzia mlangoni.

Nyumbani hapa Uru masika yalichelewa, na yalipokuja yakaja kwa fujo. Mfereji wa juu umebomoka tena na wanaume wa ukoo wanagombana ni zamu ya nani kuuziba. Wanunuzi wa kahawa wanapita siku hizi na magari madogo, wananunua hapohapo kwenye uzio, na Baba anawauzia kwa heshima zote, kisha anawatukana wakishapotea kwenye kona. Migomba iliyokatwa siku ya mazishi yako ili watu wapate pa kusimama imeshaanza kuchipua. Cherehani yako iko palepale dirishani, nimeifunika. Mama Deo alikuja kuchukua gauni lake ulilolikata bila kulishona. Alilichukua hivyohivyo, vipande, akasema atatafuta fundi wa kulimalizia, kisha akakaa uani na vile vipande mapajani akalia mpaka chai ikapoa.

Anjela analala nami nikiwa hapa, na analala na Mama nikirudi Dar kazini. Anakula. Hakohoi tena. Meno ya mbele yameota sawasawa. Lakini kuna jambo limempata, na ndilo lililomfanya Mama afungue mdomo, kwa hiyo sitaliruka. Ila lina mizizi yake, na mizizi ni sisi.

Mengine nitakayoyaandika unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu Anjela ataisoma barua hii akiwa mkubwa, na wakati huo huenda pale sokoni Kiboriloni hakuna atakayekumbuka tulikuwa tukifanyaje.

Tulikuwa wadogo serikali ilipolegeza biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yakawa na sabuni, na nguo za mitumba zilizokuwa zikiuzwa kwa kificho zikaanza kutandikwa chini mchana kweupe. Mama alikuwa akishusha ndizi sokoni Kiboriloni. Akawaona wenzake wanaacha ndizi na kuuza mitumba, akamwomba Baba malipo ya kahawa ya msimu ule ajaribu. Baba alikubali kwa shingo upande. Alisema wazi kwamba ikishindikana, Mama atarudi kwenye jembe na biashara isitajwe tena ndani ya nyumba yake.

Belo la mitumba linakuja limekandamizwa na kufungwa mikanda mpaka limekuwa gumu kama gogo. Anayelinunua hajui kilichomo. Likifika sokoni wateja wanalizunguka, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuchagua. Na mwenye belo hakati mikanda mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Anamwita mtoto, anampa kisu, mtoto anakata, kwa sababu, walisema, mtoto hajamdhulumu mtu. Nguo zikitoka nzuri, mtoto yule ana mkono mwepesi na wauzaji wengine watamwazima. Zikitoka mbaya, mkono wake mzito.

Mama alikuita wewe. Ulikuwa na miaka tisa, umri alionao Anjela sasa, na ulivaa gauni la Jumapili kwa ajili ya kazi ile.

Belo la kwanza lilikuwa la nguo za kuogelea. Lote. Mzee mmoja wa Old Moshi aliinua moja kwa ncha ya fimbo yake akauliza, "Mama, hii tunaivaa kanisani au kwenye kahawa?" Soko zima lilicheka. Wewe pia ulicheka, kisu bado mkononi. Mama hakucheka. Belo la pili lilikuwa soksi zisizo na wenzake na mapazia yenye madoa. La tatu lilikuwa mashati yaliyokuwa yamelowa huko yalikotoka, yameota ukungu mweusi kwenye kola. Ulipokata mkanda wa mwisho harufu iliwarudisha watu nyuma. Mama Deo, ambaye kibanda chake kilikuwa jirani na chetu, alipiga chafya mara kadhaa, na alipopata pumzi akasema kwa sauti ya kuchekesha watu, "Mama Vero, huyu mtoto mkono mzito! Mbadilishe kabla hajatufukia wote!"

Mama hakusema sivyo. Alikunyang'anya kisu taratibu, mbele ya watu, akakifuta kwenye kanga.

Belo la nne nilikata mimi. Zilitoka suruali za jinzi, sweta na fulana za watoto ambazo hazijafifia. Wanawake walininyanyua juu. Mama aligawa kofia na soksi ndogo kwa watoto wote waliokuwa wakizurura pale, na kufika jioni nilikuwa mtoto mwema wa Kiboriloni.

Sikuwa mwema. Wiki ileile nilikuwa nimemng'ata Deo, mtoto wa jirani yetu, mpaka akabaki na alama. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni kutoka mtoni siku alipokanyaga chupa, ukamwosha kidonda. Siku chache baadaye mama yake akamuuliza, kwa kutania tu, nani ana roho nzuri kati ya Vero na Tekla.

"Tekla."

"Si ndiye aliyekung'ata?"

"Ndiyo. Lakini Tekla ni mzuri."

"Na Vero aliyekubeba?"

Deo alifikiri. "Vero ni mbaya kidogo."

Watu wazima walicheka sana. Wewe ulikuwa umesimama palepale na beseni la maji. Ulicheka na wao, kwa kuchelewa kidogo.

Nimelifikiria jibu la yule mtoto miaka mingi. Mama za watoto wale walisema mkono mzito, basi. Hakuna aliyewafundisha ile sehemu ya pili. Watoto waliimalizia wenyewe: mwenye mkono mzito na roho yake mbaya, na mwenye mkono mwepesi hata aking'ata ana roho nzuri. Walikuita Mkono Kinu. Hawakukuachia ushike kamba tulipokuwa tukiruka, wakidai itakatika. Walisema u mchoyo, wewe uliyekuwa ukikata pera lako vipande vinne na kubaki na kile cha kikonyo. "Mkono Kinu, kaa kando!" Na wewe ukakaa kando. Ulikaa vizuri, bila kununa, ukawa unahesabu kwa sauti nani ameruka mara ngapi.

Nguo zile mbovu hazikutupwa. Ulizibeba ukazipeleka kwa shangazi aliyekuwa na cherehani, ukakaa naye kila ukitoka shuleni mpaka ukajua kushona. Mapazia ukayatoa madoa kwa kuyakata pembeni mwa doa, yakawa mifuko ya shule. Soksi zikawa kofia za watoto wachanga. Zile za kuogelea mpaka leo sijui ulizifanyaje, ila zilikwisha. Kwa jinsi ninavyokumbuka, Mama alisimama imara sokoni kwa sababu ya sindano yako kabla ya sababu nyingine yoyote. Watu wakasema Tekla amelifungua soko.

Kisha tukakua na jina likakua nawe. Nilipoolewa nilitaka uwe msimamizi wangu. Ulikataa ukiwa unacheka: "Nisije nikakuharibia, Teki. Mimi niachie sufuria." Siku nzima ulikuwa nyuma ya nyumba unapika machalari ya ndizi na nyama, na picha zote za arusi yangu hazina wewe. Ulipomzaa Anjela hapa nyumbani, hukutaka kumnyoa nywele za kwanza. Uliningoja nitoke Dar. Mtoto alikuwa na nywele mpaka masikioni, watu wanauliza, na wewe unasema, "Tunamngoja mama yake mdogo." Nilipofika ulinipa wembe, ukatoka nje ya mlango, ukawa unaniuliza kutoka huko: "Anatabasamu? Hajakatwa?"

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na kwa nini ulikuwa ukijiepusha hivyo sikukuuliza hata mara moja. Nilidhani ni utani wako wa siku zote.

Halafu hospitali.

Figo zilikuwa zimekwisha na wote tulijua, wewe kabla yetu. Nilikuambia nitamleta Anjela. Ukasema, "Usimlete wodini. Nisije nikamwachia kitu." Nilidhani unasema ugonjwa. Nikakueleza kwamba figo haziambukizi, nikakueleza kwa utaratibu kama mjinga, na wewe ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Si figo, Teki." Siku iliyofuata nilimleta hata hivyo, akabaki uani mwa hospitali kwenye nyasi, na wewe ukaomba usogezwe dirishani. Alikuwa anakula andazi. Ulimwangalia mpaka akalimaliza na kujifuta mikono kwenye sketi. Hakuinua kichwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba uko juu. Ulinikataza.

Hivyo ndivyo mlivyoagana. Kwa upande wako peke yako.

Sasa nafika kwa Anjela. Wakati wa mazishi watoto waliketishwa kwenye mkeka mmoja, na binamu yake mdogo akasema, "Mimi sikai na Anjela, mama yake amekufa." Watu walimkemea, akahamishwa, ikaisha. Nilidhani ni utoto wa siku moja. Lakini nilipokuja safari hii nikamkuta Anjela amekuwa kimya kwa namna ninayoijua, kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda shuleni kwake. Dawati lao ni la watatu. Yuko peke yake. Mwalimu wake, binti mpole, alinieleza ukweli bila kupamba: "Hawampigi, dada, wala hawamtukani. Hawakai karibu naye tu. Nikiwalazimisha wanakaa ukingoni mpaka wanaanguka."

Nikaomba kuongea na wawili kati yao, wasichana waliokuwa wakikaa naye zamani.

"Anjela amewakosea nini?"

"Hajatukosea."

"Ni mtoto mzuri?"

Walitazamana. "Hapana."

"Kwa nini si mzuri, kama hajawakosea?"

Yule mrefu akanijibu kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Mama yake alikufa. Na mama yake alikuwa na mkono mzito, mama yangu alisema. Hata bibi yake Anjela anajua."

Mama yake huyo msichana anauza mitumba Kiboriloni. Nilimfahamu tukiwa wadogo. Alikuwa anaruka kamba na sisi.

Nilirudi nyumbani. Ningemwambia nani asahihishe, na kwa ushahidi gani? Ningesema mkono mzito haupo, wangenijibu kwamba mimi ni wa mkono mwepesi, nitajuaje?

Jana jioni nilikuwa jikoni namenya ndizi za kupika na maharage kuwa kiburu. Mama alikuwa na kuku aliyeanza kuatamia, amemtengenezea kiota ndani ya kikapu. Akamwita Anjela amwekee mayai. Ni kazi watoto wanayoigombania, unajua. Anjela akaja, akayaangalia mayai, akaweka mikono nyuma.

"Weka wewe, bibi."

"Weka tu, hakudonoi huyu."

"Si kudonoa. Nikiyaweka mimi yataharibika. Halafu watasema ni mimi."

Mama alikuwa ameinama. Hakuinuka. Nilidhani mgongo umemkamata, nikaacha kisu nikamfuata, na ndipo nikaona kwamba amekaa chini sakafuni, miguu mbele, kama anavyokaa mtu msibani. Akasema, "Hayo ni maneno ya mama yako." Kisha akasema, "Ni maneno yangu."

Nayaandika aliyoyasema yote kama alivyoyasema, bila kumsaidia.

"Mwenye ghala mjini hakunidanganya. Aliniambia, 'Mama, haya wenzako wameyakataa, na hili liliingia maji. Mazuri yana wenyewe, wateja wangu wa siku nyingi. Wewe ni mgeni. Ukitaka chukua, hutaki acha.' Nikachukua. Ningerudi kwa baba yenu nimwambie nini? Angesema rudi shambani, na mimi nilishaonja kukaa sokoni. Nikamwambia nimechagua mwenyewe. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Mama Deo aliposema mkono wa mtoto, wote wakacheka na baba yenu akasikia, akacheka, hakuniuliza tena. Nikaona nimepona."

Nikamuuliza kuhusu belo la nne.

"Hilo nilipelekwa na mama mmoja wa Chekereni aliyezoeana na mwenye ghala. Akanichagulia. Nilijua ni zuri. Ndiyo maana nikakuita wewe." Alinitazama. "Watu wangeuliza kimebadilika nini. Ilibidi kiwepo kitu kimebadilika."

Nilimuuliza kwa nini hakusema baadaye, Baba alipokwisha kuizoea biashara na kujivunia.

"Nilidhani mmesahau." Akayatazama yale mayai. "Hapana. Wewe ulisahau. Vero hakusahau, nilikuwa namwona. Kila mara nikasema nitamwambia, na kila mara nikaona ameshazoea."

Ameshazoea. Dada, hapo nilitoka nje. Nilikwenda nikasimama kwenye kaburi lako, sikuomba, sikulia, nilisimama tu na mikono ina utomvu wa ndizi. Nilikuwa nafikiria lile dirisha. Andazi. Ulivyoshika fremu ya dirisha kwa vidole viwili, kama inaungua. Ungeweza kumwita. Ungeweza kumshika kichwa. Hapakuwa na chochote mkononi mwako cha kumwachia isipokuwa...

Ngoja.

Nilipogeuka nilimkuta Baba amesimama kwenye migomba. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa jiko. Alisema, "Kumbe," akaenda kukata majani ya ng'ombe, na hatukumwona mpaka giza lilipoingia.

Leo asubuhi Mama alivaa kama anakwenda misa. Akatoka mpaka mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akachuma jani la sale, akalifunga fundo. Anjela, utakapoisoma hii: sale ni mmea wa mipakani, na kwetu mtu akikukosea kosa kubwa, maneno yakimwishia, anakuletea jani lake. Ni kuomba msamaha kwa namna ambayo mwenye kuombwa hapaswi kukataa. Huletwa na mtu mzima kwa mtu mzima. Sijawahi kuona likipelekwa kwa mtoto.

Baba alikuwa mlangoni. Akauliza, "Hilo ni la nani?"

"La Anjela."

"Mtoto?"

"Mwenyewe hayupo."

Baba akavua kofia, akasogea apite.

Anjela alikuwa anapiga mswaki uani. Mama alipiga magoti mbele yake, na kwa umri wake unajua kupiga magoti kulivyo, akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili. Akamweleza kwamba alimkosea mama yake, kwamba alimtwika jambo ambalo halikuwa lake, kwamba mama yake hakuwa na mkosi hata siku moja, na kwamba aliyekuwa na kosa alikuwa yeye na mdomo wake uliofungwa.

"Nifanye nini nalo?" Anjela aliniuliza mimi, povu la dawa mdomoni.

Nikamwambia kwamba akilishika amesamehe.

"Mama angelishika?"

Sikutaka kumpa jibu la kumfurahisha. Nilifikiri. Nilikuona na lile beseni, na pera, na sufuria ya arusini. Nikamwambia ukweli kama ninavyoujua: ungelishika kabla bibi hajamaliza sentensi ya kwanza.

Akalishika. Alilishika katikati, kwa ngumi, kama mtu anavyoshika rula. Mama alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mimi nilibaki nimesimama. Sale halikuletwa kwangu, na kama lingeletwa leo sijui mikono yangu ingefanya nini. Nakuambia hivyo kwa sababu hujawahi kupenda nikupake mafuta.

Nilidhani tumefika mwisho. Lakini mwanao alitema povu, akajifuta, akamuuliza Mama swali ambalo mimi niliyefanya kazi ya maswali maisha yangu yote sikulifikiria.

"Na wa shuleni, nani atawaambia?"

Mama akalitazama jani mkononi mwa Anjela. Kule Kiboriloni yeye ndiye anayeshikishwa fedha za upatu, ndiye anayepelekewa wageni wa biashara awafundishe, na wanampa heshima hiyo kwa kuwa wanasema Mama Vero hajawahi kumdanganya mtu. Alikuwa bado amepiga magoti, tope limeingia kwenye kanga yake nzuri.

"Nitaanza na mama zao," akasema.

Anjela hakumkumbatia. Alimwangalia jinsi wanavyoangalia watoto waliokwisha kuahidiwa mambo. "Utasema kwa sauti?"

"Nitasema kwa sauti."

"Hata Mama Deo akiwepo?"

"Hasa akiwepo Mama Deo."

Ndipo alipokwenda kusuuza mdomo.

Sijui kama itafaa. Nimeona watu wazima wakiambiwa ukweli hadharani na kubaki na uongo wao kwa sababu wameuzoea. Nimeona pia watoto wakigeuka katika siku moja, kwa sababu dogo kuliko hili. Labda mwaka huu atakaa peke yake mpaka shule ifungwe. Labda yule msichana mrefu atasogea dawatini kwake kidogo kidogo, bila kusema samahani, jinsi wanavyofanya. Nilicho na uhakika nacho ni kwamba mwanao hatasema tena "weka wewe" bila mtu wa kumjibu. Sitamjibu kwa kumbembeleza. Nitamweleza kilichotokea, kwa mpangilio, kila atakapouliza, hata akiuliza akiwa na watoto wake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na unajua kwamba kwenye kueleza kilichotokea sichoki.

Nakuaga kwa leo, Dada. Hukumharibia mtu arusi. Hukumharibia mtu nywele, wala belo, wala mtoto. Ungenisikia ungesema, "Haya Teki, yaishe," na ungebadilisha mazungumzo. Safari hii nisingekuachia.

Nimeshapiga simu kazini kuomba siku za ziada. Mama atashuka Kiboriloni Jumamosi, na atasema kabla belo la kwanza halijakatwa. Baba amesema naye atakuja. Anjela ameomba tusimame mbele, mahali anapoweza kuona nyuso za watu, na nimemkubalia. Mabelo hukatwa saa mbili asubuhi.

Mdogo wako,
Tekla